Miguu ya Kwetu

Siku Kitinda alipokunja nne, Dada Mkubwa alijichoma sindano.

Ilikuwa jioni, taa hazijawashwa. Baba yao alikuwa kwenye kiti chake karibu na dirisha, redio ameipakata kama mtoto. Kitinda alikuwa ametoka kazini, amevua viatu, amejitupa kwenye kochi lenye springi zilizochomoza. Wala hakukusudia. Aliinua mguu wa kulia, akaupitisha juu ya wa kushoto, kama wafanyavyo watu wote duniani bila kujua kwamba wamefanya jambo. Kisha akashtuka, akautazama mguu ule kama mgeni aliyeingia bila kubisha hodi.

"Baba! Dada! Hebu oneni!"

Baba akazima redio. Tangu awe mgane, mzee yule hakuwa na desturi ya kuizima redio kwa ajili ya binadamu yeyote.

"Ee, mwanangu," alisema. "Mama yenu ameingia kaburini hajawahi kukunja nne. Kila akienda kwa hao wakubwa wa hospitali anaambiwa punguza kula, punguza kula. Mtu anakunywa chai kavu na kipande cha mkate, apunguze nini? Kikombe?"

Kitinda akacheka. Dada Mkubwa naye akacheka, ila kicheko chake kilichelewa kidogo, kama cha mtu anayemlipia mwenzake nauli. Tone la damu lilikuwa limedondokea kola nyeupe ya sare ya shule aliyokuwa akiishona. Akakinyonya kidole, akaigeuza kola upande wa pili.

Miguu ile ilikuwa ya ukoo. Mama yao alikuwa nayo, na bibi yao kabla yake. Kuanzia nyonga hadi kwenye kifundo ilijaa, mizito, imetepeta kama godoro lililonyeshewa. Halafu ghafla nyayo ndogo nzuri, utadhani zimeazimwa kwa mtu mwingine. Tena ilikuwa inauma. Mtoto akikurukia mapajani, alama ya bluu inakaa hata wiki. Watu hawakuyaona maumivu, waliona ulafi. Mtaani waliwaita Nguzo Kubwa na Nguzo Ndogo, na jina hilo, pamoja na ubaya wake wote, lilikuwa na faraja. Nguzo mbili hazichekani.

Sasa nguzo moja imekunja nne.

"Dada," Kitinda alisema, bado anautazama mguu wake, "nataka unishonee suruali."

"Suruali?"

"Suruali ya kitambaa, mkunjo umesimama mbele kama wembe. Kutwa nazipiga pasi za watu. Na mimi nivae basi."

"Haya, simama."

Dada Mkubwa akachukua tepu yake shingoni. Tangu utotoni nguo zao walishona kwa kipimo kimoja: alikuwa anakikunja kitambaa mara mbili, anakata mara moja, yanatoka magauni mawili. Hakuwa na haja ya kumpima mdogo wake. Alijipima mwenyewe, basi. Leo alimzungushia tepu pajani, juu ya ile suruali ya kubana aliyopewa hospitali, na tepu ikakutana na mwanzo wake mapema mno. Ikabaki inaning'inia mkononi.

"Nimepungua sana?" Kitinda aliuliza.

"Kiasi," alijibu Dada Mkubwa.

*

Kilichomuuma zaidi Dada Mkubwa ni kwamba yeye ndiye aliyelisikia tangazo. Yeye, kwa masikio yake, kwenye redio ya baba: madaktari wageni wamekuja hospitali kuu, wanawapasua bure wanawake wenye ugonjwa huo, wanayanyonya mafuta mabovu kwa mrija. Ugonjwa wenyewe una jina refu la kigeni ambalo Baba alijaribu kulitamka akaishia kukohoa. Kwa lugha ya nyumbani daktari alisema ni mafuta yaliyougua. Hayaondoki kwa kufunga wala kwa kukimbia. Bima ilikwisha kukataa mambo hayo siku nyingi, ikasema ni urembo. Aliyeandika hivyo bila shaka aliandika amekaa, na alipomaliza akainuka bila kushika meza.

Basi Dada Mkubwa alikwenda, akamchukua na Kitinda wa kumshika mkono kwenye ngazi, maana lifti ilikuwa na karatasi inayosema ni ya uongozi. Walipumzika kila ghorofa. Huko juu daktari akambonyeza mapaja, akampima presha, akatikisa kichwa.

"Mama, presha yako iko juu sana. Nikikulaza mezani, huamki. Meza dawa, utakuja wakati mwingine." Kisha akatazama mlangoni. "Na huyu msindikizaji naye si anao ugonjwa huu huu? Hebu njoo upande kitandani."

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Hawakusema lolote juu ya msindikizaji.

Dada Mkubwa alifurahi. Aliwaambia majirani kwamba amefurahi, na kila alipowaambia, walimwuliza swali moja: "Na wewe je?" Kitinda alipopasuliwa mapaja, akaambiwa atarudi kumaliziwa miguu ya chini, dada yake ndiye aliyemuuguza, akambeba mpaka chooni. Siku ya kuruhusiwa muuguzi alimwelekeza yeye.

"Hii suruali anavaa mchana na usiku. Ikibana ndiyo inafanya kazi. Isipobana maji yatajaa palipotolewa mafuta. Unanisikia, dada? Nimeambiwa wewe ni fundi, na nyie mafundi mkiona nguo imebana mikono inawawasha. Msiiguse!"

"Siigusi, sista."

Na hakuigusa. Aliifua tu, akaianika, akaitazama ikikauka kwenye kamba: suruali nyembamba, rangi ya ngozi, yenye miguu ya mtu mwingine.

*

Kitinda alikuwa mpiga pasi kwenye duka la dobi. Zamani meneja alimweka chumba cha nyuma, kwenye mvuke, kwa sababu alisema wateja hawapendi kuona "mtu aliyejaa" karibu na nguo zao safi. Alipoona amenyooka akamhamishia mbele, kwenye meza ya kupokelea. Akamwongezea tabasamu, mshahara akauacha ulipokuwa. Na kule mbele hakukuwa na kiti.

Siku moja aliingia nyumbani analia. Alijilaza kitandani na viatu vyake.

"Meneja kaniambia nikitaka kukaa nikakae kwetu. Mbele ya mteja, dada! Mteja mwenyewe mwanaume, amekuja na shati moja." Alijishika nyuma ya goti. "Hii kitu inanikata. Inanikata hapa na hapa, nikisimama kutwa naona nyota. Nilegezee."

"Sista alikataza."

"Sista hasimami kwenye ile meza. Kidole kimoja tu, dada. Upana wa kidole kimoja. Nani atajua?"

"Si nimekwambia imekatazwa?"

"Basi niache nife nikiwa nimebanwa vizuri."

Baba akaropoka kutoka sebuleni, "Mlegezee mwenzako! Hao waliotoa amri wameivaa wao?"

Kwa hiyo Dada Mkubwa akaichukua. Kitinda akajifunika shuka, akageukia ukutani. Mashine ilikuwa chini ya dirisha la chumba chao, kati ya vitanda viwili. Dada Mkubwa akaigeuza suruali nje ndani, akatafuta mshono wa upande, akaufumua kwa wembe, taratibu, bila kugusa kitambaa. Kazi ya kiwanda ilikuwa safi, aliiheshimu. Akachagua kipande cha kitambaa cha kuvutika kilichobaki kwenye vazi la michezo la mteja, akakitandaza, akaweka kidole chake juu yake kupima.

Asubuhi ile jirani alikuwa amesimama mlangoni na bakuli la kurudisha. "Mdogo wako siku hizi anapita, watu wanageuka! Hata sikumjua. Na wewe je, shoga, unangoja nini?"

Akaweka kidole cha pili kando ya cha kwanza. Akaweka na cha tatu. Kisha akapitisha mkasi.

Msidhani mkono uliteleza. Mkono wa fundi yule haukuwahi kuteleza; wazazi wa nusu ya mtaa wangeweza kuapa. Alikata vipande viwili, vya upana ule ule, kimoja kwa kila mguu, akavishona akavirudia, akavilaza mshono kwa ndani kiasi kwamba ukiitazama kwa nje ilikuwa nguo ile ile ya hospitali. Kazi ilikuwa nzuri. Hilo lazima lisemwe.

Kitinda akaivaa, akapandisha pumzi, akaishusha.

"Aah! Dada, Mungu akupe kila unachotaka."

Dada Mkubwa akafunika mashine.

*

Wiki iliyofuata nyumba ile ilikuwa na amani. Dada Mkubwa aliamka mapema akachemsha maji ya kuoga ya Kitinda. Alimfungia chakula cha kazini. Jioni alimwinulia miguu juu ya mito miwili, akampepea, akamsimulia vituko vya wateja: bwana aliyeomba suruali ishonwe mfuko wa siri mke asiuone, na mke aliyeileta suruali hiyo hiyo mfuko uzibwe. Walicheka mpaka Baba akawaambia wanamharibia taarifa ya habari. Wema wake haukuwa wa kuigiza. Ulikuwa wa kweli kabisa, ndiyo ubaya wenyewe.

Maana mapaja ya Kitinda yalikuwa yanarudi. Kwanza yalijaa jioni tu, yakipungua asubuhi. Baadaye hayakupungua. Ngozi ikawa ya moto, ikang'aa, na ukiibonyeza kwa ndani unasikia kitu kinacheza kama maji kwenye kiriba. Jioni moja Kitinda alikaa kwenye kochi, akainua mguu wa kulia, akaufikisha nusu, akaurudisha chini. Dada Mkubwa aliona, na kitu kifuani mwake kikalala usingizi.

"Kesho twende hospitali," alimwambia kwa upole.

Huko juu daktari alichomeka sindano, akavuta maji ya manjano, akajaza bomba moja, akajaza la pili. Kitinda aliuma shuka.

"Umekuwa ukiivua suruali," daktari alisema.

"Siivui, daktari. Hata nikilala."

"Basi unakula nini?"

Kitinda akafumba macho. Swali lile alilijua tangu tumboni mwa mama yake.

Muuguzi alikuwa ameishika suruali ile mkononi. Akaivuta huku, akaivuta kule, akakunja uso. Akaigeuza ndani nje, akaisogeza dirishani.

"Daktari, njoo uone. Imefunguliwa. Wameingiza vipande."

Kwenye ukuta kulikuwa na picha ya familia inayotabasamu na maneno yanayowahimiza watu wanawe mikono. Dada Mkubwa aliisoma yote, akaanza upya.

"Nani amefungua hii nguo?" daktari aliuliza.

Muuguzi alikuwa anamtazama Dada Mkubwa. Alifungua mdomo kusema.

"Mimi," alisema Kitinda.

"Wewe si mpiga pasi?"

"Nyumbani kuna cherehani. Ilikuwa inanibana, nikaifungua. Ni mimi."

Muuguzi bado alikuwa anamtazama Dada Mkubwa. "Dada, wewe fundi, ulikuwa wapi?"

"Sikuwepo," alijibu Dada Mkubwa. Sauti ilitoka kavu, ila ilitoka.

Daktari alivua glavu, akazitupa. Hakufoka. Wakubwa hawafoki, wanaandika. "Tunahangaika, tunaomba vifaa, watu wanatuamini, halafu mtu anakwenda kufumua nyumbani. Awamu ya pili sahau. Wageni wanaondoka wiki hii, na nafasi siwezi kumpa asiyefuata maelekezo. Hayo mapaja tutayahudumia hapa hapa, utakuja kutolewa maji. Miguu ya chini utabaki nayo."

"Ndiyo, daktari," alisema Kitinda.

"Na chumba cha upasuaji hakiwezi kulala bure. Wanaongoja wengine wako mbali, wengine simu zao hazishikiki." Akageuka. "Wewe mama, si nilikwambia umeze dawa? Hebu leta mkono."

Wakamfunga kile kitambaa cha presha, wakakipuliza. Daktari akasoma, akapuliza tena, akasoma tena.

"Imeshuka vizuri sana. Umefanya nini?"

"Nimepumzisha roho," alisema Dada Mkubwa, na kwa kweli hakuwa amesema uwongo.

*

Siku ya upasuaji Baba na Kitinda walimsindikiza Dada Mkubwa. Baba aliishia chini, kwenye lifti, akibishana na mlinzi. Sauti yake iliwafikia mpaka ghorofa ya pili: "Uongozi unaumwa miguu? Nijibu! Uongozi unaumwa miguu?"

Wodini Dada Mkubwa alivishwa joho la hospitali, lile la kufungwa mgongoni. Alikaa ukingoni mwa kitanda, miguu yake imetulia mbele yake, mizito, imechorwa kwa kalamu nyeusi mahali mrija utakapopita. Tangu jana alikuwa anaiangalia michoro ile kama mtu aliyepewa ramani ya kwao. Kitinda alikuwa amesimama, anakunja gauni la dada yake. Alilikunja, hakuridhika, akalikunjua.

"Nilikuomba kidole kimoja," alisema.

Dada Mkubwa alilivuta joho likafunika magoti.

"Vilikuwa vitatu."

"Nani kakwambia?"

"Nilipima. Nilipoivaa tu nilisikia hewa inapita. Nikaingiza vidole, vikaingia vitatu na nafasi ya kupumua."

"Na ukaendelea kuivaa?"

"Ilikuwa raha, dada. Sikudanganyi. Nikajisemea, labda amekosea. Halafu nikajisemea, yule hakosei." Akalilaza gauni juu ya mto, akalipiga pasi kwa kiganja. "Halafu ukaanza kunipenda."

"Mimi siku zote nakupenda!"

"Siku zote. Lakini wiki ile ulinipenda bila kunitazama miguu."

Mwanamke wa kitanda cha pili aliwageukia, akaona si mazungumzo ya kusikilizwa, akarudi ukutani, akaendelea kusikiliza.

Dada Mkubwa alishusha sauti. "Kama ulijua, kwa nini ulisema ni wewe? Ungesema kweli nafasi ingebaki yako. Ungemaliziwa."

"Ningemaliziwa, ndiyo. Halafu? Chumba ni kile kile, kitanda changu kinatazamana na chako. Kila nikivua nguo, wewe uko pale. Kila nikipanda ngazi, uko nyuma yangu, nakusikia unavyopumua." Kitinda hakuwa analia. Angelia ingekuwa nafuu. "Mguu ukiniuma nameza kidonge. Macho yako, dada, nimeze nini?"

"Kwa hiyo umenionea huruma."

"Huruma? Nimechoka tu."

"Nitamwambia daktari. Sasa hivi akija, namwambia."

"Mwambie," alisema Kitinda, akaketi kitini.

Wakangoja. Aliyekuja hakuwa daktari bali msukuma vitanda, kijana mrefu mwenye kofia ya kijani, anasukuma kitanda chenye gurudumu moja linalolia.

"Haya, mama fundi! Gari limefika, halina honi, halina mikanda. Wanakungoja ndani, madaktari wamekwisha kunawa." Akamwona hainuki. "Una swali, mama? Nimwite sista?"

Neno moja lingetosha. Lilikuwa pale, nyuma ya meno. Dada Mkubwa aliitazama miguu yake, mistari ile myeusi inayoshuka kutoka kwenye nyonga, inazunguka goti, inafika kifundoni. Aliwaza ngazi. Aliwaza kochi la nyumbani. Kisha akamtazama Kitinda, na Kitinda alikuwa anatazama dirisha.

"Hapana," alisema. "Sina swali."

Kitanda kilikuwa cha juu kwa miguu ile. Msukuma vitanda alimshika bega, Kitinda akainuka akamshika kiuno, wakahesabu pamoja, wakamsukuma. Akapanda.

Walipofika mlangoni gurudumu lilikwama, kijana akarudi nyuma kidogo kulinyoosha. Hapo Dada Mkubwa alimwona mdogo wake kwa mara nyingine. Alikuwa amehamia kwenye kitanda kilichoachwa, penye joto. Alikuwa amepandisha gauni, analibonyeza paja lake lililovimba kwa kidole gumba, anangoja ngozi irudi, anabonyeza tena, bila haraka, bila kujificha, uso wake umetulia kama wa mtu aliyebaki peke yake chumbani. Na Dada Mkubwa, amelala chali, anasukumwa kwenda kupewa kile alichokitaka, akamwonea wivu.